Mita ya intaneti iwekewe kampuni, sio mteja

KaptembwoSaiba
Wadau wa Nakuru, Kisumu na Western yote, hii maneno ya serikali kusimamia kampuni za intaneti imenikaa kwa roho, nataka tuiongee vizuri. Naona watu wamegawanyika, hawa wanataka serikali itoe mkono kabisa, wale wanataka kila kitu kiwekewe sheria, na hakuna anayeuliza hiyo sheria inamshika nani.

Mimi nina saiba hapa Kaptembwo. Return za ushuru za KRA, mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha mwenendo mwema, mtoto wa mtu anachagua kozi KUCCPS saa za mwisho, hiyo ndio kazi yangu. Nalipia faiba ya 40 Mbps. Asubuhi iko sawa, sina neno. Ikifika saa moja jioni watu wakirudi manyumbani, eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, inazunguka tu mpaka mteja anaamka anaenda zake. Sasa cheki hii, jana saa mbili usiku nimepima na ile Speedtest ya kawaida ikaleta 37. Hapo hapo nikafungua fast.com, ile ya Netflix walitoa 2016 inayopima na seva zao za video, ikaleta 4. Waya ni ule ule, kompyuta ni ile ile. Napiga simu naambiwa zima ruta uwashe. Nikauliza, mnanihakikishia spidi isishuke chini ya ngapi? Kijana wa watu akanyamaza, kwa sababu kwa mkataba hiyo namba haiko.

Halafu bungeni nako kuna mswada wa 2025 wa kurekebisha sheria ya mawasiliano, wa mheshimiwa Marianne Kitany wa Aldai, hapa jirani Nandi. Unataka kila kampuni ya intaneti impe kila mteja namba yake ya mita, ipime ametumia kiasi gani, imtoze kulingana na hiyo, na kila mwisho wa mwaka wa fedha ipeleke hizo habari kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Yaani mwenye kupimwa ni mimi! Ile kampuni inayoniuzia 40 na kuniletea 4 haijawekewa mita yoyote. Msimamo wangu ni huo, serikali isimamie na isimamie kwa nguvu, lakini mita iangalie kampuni.

Sheria_Milimani
Kaka umeongea. Wacha nitie mambo ya sheria kidogo, niko Milimani ya Kisumu na haya ndio nasomea.

Hatuanzi na ukurasa mtupu. Kuna sheria ya habari na mawasiliano ya 1998, ilirekebishwa 2013 na hapo ndipo ile tume ya mawasiliano ya zamani, CCK, ikawa Mamlaka ya sasa. Kuna kanuni za kulinda watumiaji za 2010. Na juu ya zote kuna Katiba, soma kifungu cha 46, kinasema mtumiaji ana haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, na ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi huduma hiyo kikamilifu. Hiyo namba ya spidi ya chini uliyonyimwa ni habari ya aina hiyo kabisa. Kwa hivyo anayedai kampuni ziandike spidi ya chini kwa mkataba haombi hisani, anadai haki.

Sasa geuza upande wa pili usome kifungu cha 31, faragha. Kinakataza habari za familia au mambo ya kibinafsi ya mtu kuulizwa au kufichuliwa bila sababu, na kinalinda mawasiliano yake. Halafu kuna sheria ya kulinda data ya 2019 inayosema usikusanye data kuliko unayohitaji. Kampuni kujua nimetumia GB ngapi ndio inilipishe, sawa, wale wa bando wanafanya hivyo tayari. Lakini kumpelekea mdhibiti rejesta ya wateja na mita zao kila mwaka, ya nini? Nimesoma mswada nikitafuta ni shida gani ya mteja inatatuliwa hapo na sijaiona.

MpakaniBusia
Nyinyi mnaota. Mimi naishi Busia, naona yaliyo ng'ambo kwa macho. Uganda walianza hivi hivi na maneno matamu ya kusimamia. Julai 2018 wakaweka ushuru wa mitandao ya kijamii, shilingi 200 zao kwa siku, hulipi WhatsApp haifunguki. Watu wakajaza VPN za kukwepa kwa simu mpaka serikali yenyewe ikaacha hiyo njia, 2021 ikaleta ushuru wa asilimia 12 kwa data. Na Januari hiyo hiyo ya 2021, uchaguzi, wakazima intaneti nchi nzima. Nilikuwa na watu wa Busia ya Uganda wanakuja kusimama karibu na duka langu na laini za Kenya waongee na watoto wao Kampala na watoto hawapatikani kwa sababu huko kumezimwa. Mama mmoja alilia hapa kwa kaunta.

Na msiseme Kenya ni tofauti. Novemba 2024 wakati wa KCSE Telegram ilifungwa, eti wizi wa mitihani. Juni 2024 mamlaka ikasema haina mpango wa kuzima intaneti, kesho yake tarehe 25 maandamano yakiwa moto mtandao ukaanguka nchi nzima, tukaambiwa ni nyaya za baharini. Mtu akishapewa swichi ataibonyeza. Kwa hivyo mimi nasema serikali isipewe swichi kabisa, basi.

KaptembwoSaiba
@MpakaniBusia hapo kwa swichi tuko pamoja mia kwa mia, hiyo ya mama imeniuma. Lakini ona kitu kimoja ndugu yangu. Swichi ni uwezo juu ya kile mimi nasoma na kuandika. Mimi naomba uwezo juu ya kile kampuni inauza. Hizo ni sheria mbili tofauti na kila siku zinafungwa kwa furushi moja makusudi, ukipinga moja unaonekana umepinga zote.

Pale soko la Wakulima afisa wa mizani na vipimo akija, anakagua mzani wa muuza viazi. Haangalii mfuko wa mama aliyenunua, haandiki jina lake, haulizi anaenda kupikia nani. Mzani ukiwa mbovu ni muuzaji anashtakiwa. Hiyo ndio sheria naitaka kwa intaneti na sioni itamkatia nani Telegram.

FundiFaiba_Bgm
Mimi ni fundi wa faiba, nimevuta waya kutoka Kanduyi mpaka Chwele na Webuye huko juu, niwaeleze hiyo 37 na 4 ya mzee wa saiba inatoka wapi kwa sababu wengi mnadhani ni uchawi.

Ile Speedtest huchagua seva ya karibu na mara nyingi seva hiyo iko ndani ya mtandao wa kampuni yako yenyewe. Kwa hivyo umepima barabara ya kutoka kwako mpaka getini kwao. Hapo huwa kuzuri. Ya Netflix inaweza kutoka nje ya geti na hapo ndipo pamebanana.

Sasa kubanana kunatoka wapi. Kwa nguzo kuna boksi, ndani kuna spliter, waya mmoja unagawanywa nyumba 32 au 64, na huo waya wa kawaida, sisi mafundi tunauita GPON, unabeba kama 2.5 Gbps za kushuka kwa hizo nyumba zote. Hiyo bado si mbaya, watu hawatumii wote kwa dakika moja. Shida kubwa iko nyuma, kile kiasi kampuni imenunua cha kutoka Bungoma au Nakuru mpaka Nairobi na kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa nyaya za baharini. Hicho kinalipiwa kila mwezi na ni pesa. Kampuni ikisajili wateja wapya elfu moja na haijaongeza hicho cha nyuma, mchana hamtajua, saa mbili usiku mtajua. Na sisi mafundi ndio tunatumwa. Nafika kwa mtu, ruta iko sawa, taa ya LOS, ile ya kuonyesha waya umekatika, haijawaka nyekundu, mwanga kwa waya napima uko sawa kabisa, na nimeambiwa niandike "imetengenezwa". Nimetengeneza nini? Hakuna kitu cha kutengeneza kwa hiyo nyumba.

Na kitu kingine, si lazima iwe msongamano. Inaweza kuwa wamepunguza video makusudi saa za msongamano ili vitu vingine vipite. Kutoka kwa nyumba ya mteja hata mimi fundi siwezi nikatofautisha. Wanaojua ni wao na grafu zao ndani ya ofisi. Sasa kama mamlaka ikitaka kusimamia ya maana, iitishe hizo grafu. Kila kaunti, saa za jioni, kiasi kilichonunuliwa na kiasi kilichouzwa. Hiyo ni karatasi moja tu na haina jina la mteja yeyote.

Sheria_Milimani
Fundi hii ya karatasi moja umeniokoa, ndio kitu nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika. Naiweka kwa maoni yangu neno kwa neno.

NyalendaWaifai
Wakubwa, na sisi wadogo je? Mimi niko Nyalenda B. Nanunua laini kubwa ya biashara, naweka ruta ya MikroTik na antena juu ya paa, watu wananunua vocha na M-Pesa, bob 10 masaa mawili, bob 30 siku nzima. Watoto wa sekondari wanafanyia hapo assignment, kina mama wa samaki wanapiga video na wanunuzi wao Nairobi. Hao wa faiba kubwa hawajaingia huku ndani, wanasema njia ni nyembamba na nyumba ni za mabati, hawatarudisha pesa.

Kila mkisema "serikali isimamie kwa nguvu" mimi ndio wa kwanza kunyang'anywa antena. Mkubwa atamlipa wakili. Na huo mswada wa mita, mimi na vocha zangu namba ya mita namwekea nani? Mtu ananunua ya bob 10 anaondoka sijui hata jina lake. Ukipita nafunga kesho yake, na hao watu wanarudi kwa bando, ambayo mnajua ina ushuru wa asilimia 15 tangu sheria ya fedha ya 2023 na bado kuna VAT ya 16 juu yake.

FundiFaiba_Bgm
Ndugu wa Nyalenda una leseni?

NyalendaWaifai
Niliulizia, nikapewa orodha ya karatasi na ada ambazo ni za mtu mwenye kampuni. Sijakataa kulipa. Nataka kulipa ya kimo changu.

Sheria_Milimani
Kaka wa Nyalenda, kuna mlango. Mwaka 2021 mamlaka ilitoa utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, ni za eneo dogo na ada yake ni ndogo kuliko zile za kampuni. Kibera wako TunapandaNET, hawa walianza kabla hata ya huo utaratibu kuwepo. Masharti yake ni kwamba mtandao uwe wa jamii, kwa hivyo utahitaji kikundi kilichosajiliwa, sio wewe peke yako na faida yako. Kaa na hao kina mama wa samaki na walimu, muunde kikundi. Nitakusaidia kusoma fomu, nitumie ujumbe faraghani.

Na hoja yako iingie kwa uzi huu kwa wino mzito: sheria inayomtaka mtu wa Nyalenda afanye sawa na kampuni yenye wateja milioni inamfukuza wa Nyalenda na kumwachia soko yule wa milioni.

JaDala_01
Mimi napingana na mwenye uzi. Ushindani ndio dawa, sio sheria. Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata ikashusha, ungeweza kukodisha ile dishi 1,950 kwa mwezi, kifurushi cha GB 50 kilikuwa 1,300. Julai hiyo ya 2024 Safaricom ikaandikia mamlaka barua, haitaki kampuni za setilaiti zipewe leseni za kujitegemea, zipitie kwa kampuni za hapa. Septemba Safaricom hao hao wakapandisha spidi za faiba ya nyumbani bila kuongeza bei. Nani aliwalazimisha? Si bunge! Ni mshindani. Mkiongeza sheria mtamfukuza mshindani anayekuja.

Na Marekani wamejaribu hiyo mnayotaka. 2015 wakaweka kanuni kali, kampuni zisizuie wala kupunguza spidi ya tovuti yoyote, Desemba 2017 FCC, mdhibiti wao wa mawasiliano, chini ya mwenyekiti Ajit Pai ikazitoa, watu wakalia kwamba intaneti itakufa. Ilikufa? Netflix bado inaonyesha.

KaptembwoSaiba
Jadala nimekusoma na kwa Starlink uko na ukweli mkubwa. Lakini malizia hadithi. Novemba 2024 Nairobi na viunga vyake wakajaa, mteja mpya akawa hapokewi. Mshindani naye ana kikomo cha mitambo yake. Halafu ushindani ni wa mwenye chaguo, na hapa kwetu chaguo inaamuliwa na landilodi. Kuna ploti huku kwetu, sitataja, keyateka ana makubaliano na kampuni moja, ukileta waya wa mwingine anaukata na koleo mchana kweupe. Mpangaji wa hapo unamwambia ushindani umsaidie vipi? Ahame nyumba juu ya waifai?

Na ya Marekani, haikuisha hapo. 2018 kukiwa na moto mkubwa wa misitu California, zimamoto wa kaunti ya Santa Clara walikuwa wanatumia laini ya Verizon kwa gari lao la kuratibu kazi, wakapunguziwa spidi mpaka ikawa haifai kitu, kwa sababu wamepita kiasi cha kifurushi. Wanapigana na moto! Wanaomba waongezewe wanaambiwa walipie kifurushi cha juu. Verizon baadaye walisema ni makosa ya huduma kwa wateja na haihusiani na hizo kanuni. Sawa, chukua maelezo yao. Lakini kanuni za 2015 zingekuwa bado zipo, hao zimamoto wangekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko kuhusu kupunguziwa huko na mdhibiti mwenye meno angesikiliza. Zilishatolewa. California yenyewe ndiyo ikapitisha sheria yake mwaka huo huo.

Sheria_Milimani
Na kuongezea hapo, FCC ilizirudisha Aprili 2024, na Januari 2, 2025 mahakama ya rufaa ya huko ikazifuta tena, ikasema sheria ilivyoandikwa na bunge haiipi FCC uwezo huo. Weka, toa, weka, futa, kwa sababu msingi wake ulikuwa tafsiri ya mdhibiti na kila rais anakuja na tafsiri yake. Hilo ndilo ningetaka sisi tulione. Tukitaka kampuni zisizuie na zisibague, iandikwe ndani ya sheria na bunge, sio waraka wa mamlaka unaobadilika na bodi.

Uhindi waliweza kwa upande mmoja. Februari 2016 mdhibiti wao alikataza kampuni kutoza data bei tofauti kulingana na unachofungua, na ile Free Basics ya Facebook, ya kufungua tovuti chache bure, ikaondoka kwao. Hapa kwetu Free Basics iliingia 2014 na Airtel wakati bado inaitwa Internet.org, na sikumbuki tukiulizwa kitu.

MwalimuLurambi
Hamjambo vijana. Mimi ni mwalimu hapa Lurambi, Kakamega, nimesoma yote nikanyamaza lakini wacha niulize. Shule yangu haina faiba wala setilaiti. Mwalimu anayefundisha kompyuta anafungua hotspoti ya simu yake, watoto wanazunguka laptopu moja. Kampuni za simu huchangia mfuko wa huduma kwa wote, asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Huu mfuko upo kwa ajili ya sehemu kama zetu. Mbona katika kusimamia kote huku hakuna anayesimamia huo ufike? Mimi spidi ya usiku bado sijaifikia, nataka kwanza iwepo ya mchana.

KaptembwoSaiba
Shikamoo mwalimu. Hilo swali ni zito kuliko langu na naomba kila anayeandika maoni aliweke. Mfuko uchapishwe kwa jina la shule na kata, mwaka huu shilingi ngapi zimeenda wapi. Huyo ni mdhibiti anapimwa sasa, na yeye pia anafaa kuwa na mita.

MpakaniBusia
Mwalimu shikamoo. Mimi bado sijahama kwa msimamo wangu wa swichi. Lakini karatasi ya fundi na ile ya mwalimu naweza kuziunga mkono, hazina jina la mtu ndani. Mkiandika, wekeni sentensi ya kusema wazi kwamba hakuna kifungu kitampa waziri au mamlaka uwezo wa kufunga tovuti au programu bila amri ya mahakama. Hiyo ikikosa msiweke jina langu.

JaDala_01
Ya keyateka na koleo imenigusa, nimeishi ploti kama hiyo Manyatta. Kama sheria itamzuia landilodi kufungia kampuni moja, hiyo hata mimi wa ushindani naiunga, kwa sababu ndiyo inafungua ushindani. Zile zingine bado niko na wasiwasi, mtafanya bei ipande. Kampuni ikilazimishwa kununua bendwithi ya kutosha, anayelipa ni nani?

FundiFaiba_Bgm
Itapanda kidogo ama wataacha kuuza 40 waandike 15. Mimi naona afadhali mtu anunue 15 akijua ni 15. Sasa hivi analipia 40.

KaptembwoSaiba
Exactly fundi. Basi naandika usiku huu, kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka bunge lishirikishe wananchi kwa hivyo maoni yetu yana mahali pa kwenda. Naweka haya: namba ya mita ya mteja iondolewe kabisa na badala yake kampuni itoe takwimu za jioni kwa kila kaunti, iandike spidi ya chini kwa mkataba na isipofikia irudishe pesa bila mtu kuomba, landilodi asifungie kampuni moja, leseni ya wadogo iwe ya kimo chao, mfuko wa mwalimu uchapishwe, na sentensi ya Busia kuhusu mahakama. Nikimaliza naibandika hapa muikosoe kabla haijaenda. Dada Sheria naomba uipitie kwanza, hasa hiyo ya kurudisha pesa, sijui inaandikwaje kisheria.

Sheria_Milimani
Itume nikiwa kwa matatu kesho asubuhi, naenda Ahero, nitakuwa na saa nzima. Ya kurudisha pesa iandike kama punguzo la bili ya mwezi unaofuata, kampuni hazitaweza kusema hazina njia ya kulipa.

NyalendaWaifai
Dada nimekutumia ujumbe faraghani. Kina mama wa samaki wamekubali kukaa Jumamosi.